Kishikwambi kimoja, watoto 96

Barua za walimu wa shule za msingi, zinajibiwa na mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu, Kasulu

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na kilio kimoja: vifaa vya TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) vimefika shuleni, ila mafunzo ya kuvitumia hayajafika, au yalifika yakaondoka bila kuacha kitu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa najua walimu wengi watajiona ndani yake.

Shikamoo Mama. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano huku Kasulu Vijijini, darasa lina watoto 96. Mwaka jana tuliitwa mjini kwenye semina ya siku mbili ya kutumia TEHAMA katika ufundishaji. Tukafundishwa kuwasha projekta, kutengeneza slaidi na kufungua barua pepe, tukapewa vyeti. Shuleni kwetu projekta hakuna, umeme ni wa sola ndogo ya ofisini. Nina kishikwambi kimoja, kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa, walimu tukagawiwa. Nakitumia kujaza taarifa na kusoma ujumbe wa magroup. Sasa Afisa Elimu Kata anataka niandike ninavyotumia TEHAMA darasani. Niandike nini? Na kishikwambi kimoja kitawafaa nini watoto 96?
Mwalimu wa Darasa la Tano, Kasulu Vijijini

Marahaba, mwanangu. Nianze na ripoti, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Usiandike usichofanya. Mwalimu anapojaza kwamba anatumia projekta kila wiki katika shule isiyo na projekta, anamwambia mkurugenzi kwamba mafunzo yalitosha na vifaa vipo. Mwakani bajeti itakwenda kwingine, na wewe utakuwa umeisaini kwa mkono wako. Andika kama ulivyoniandikia mimi: kifaa kipo kimoja, umeme ni huu, nilifundishwa hiki, sikufundishwa kile.

Sasa semina. Simlaumu aliyewafundisha, pengine naye alipewa ratiba ya siku mbili na ukumbi wa watu mia. Lakini mafunzo yale yalianza na kifaa. Walimu wa Hisabati, wa Kiswahili na wa Darasa la Kwanza wote walikaa mbele ya kitufe kilekile. Hakuna aliyewauliza ni mada gani inayowashinda watoto wenu. Mafunzo ya namna hiyo ni sawa na kumfundisha mtu kupiga kasia akiwa amekaa mchangani pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika: mikono inazoea, ziwa lenyewe mtu halijui.

Jambo hili limefuatiliwa muda mrefu. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani, walilishughulikia tangu miaka ya 1980. Waliona kuwa mwalimu akielezwa mbinu mpya, hata akionyeshwa na kuijaribu ukumbini mbele ya wenzake, akirudi darasani kwake mara nyingi anaiacha. Anayeendelea nayo ni yule aliyepata mtu wa kumsindikiza: mwenzake anaingia darasani, anaangalia somo, halafu wanakaa pamoja kulizungumza. Na si mara moja.

Kwenye vifaa vyenyewe, Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi za vijijini. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliotoka mwaka 2012 na kuhusisha shule 319, haukuona alama za Hisabati wala za lugha zikipanda. Kompyuta zilikuwapo na watoto walizifungua. Kilichokosekana ni somo lililopangwa kuzihitaji.

Karibu na kwetu, Kisumu nchini Kenya, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu za kusaidia usomaji wa madarasa ya mwanzo. Shule nyingine vishikwambi walipewa washauri wa walimu, wale wanaozunguka shuleni kukagua na kuelekeza. Nyingine walipewa walimu wenyewe. Nyingine wanafunzi wakapewa vifaa vya kusomea vitabu. Matokeo ya utafiti huo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa njia hizo tatu hazikupishana sana katika kuinua usomaji, lakini iliyoleta faida kwa gharama ndogo kuliko zote ni ya kumpa kifaa mshauri wa walimu. Nimelirudia jambo hili mbele ya maafisa elimu wengi na nitaendelea kulirudia. Kifaa kimoja mikononi mwa mtu anayemsaidia mwalimu kufundisha vizuri kinawafikia watoto wote 96. Kwa hiyo kishikwambi chako si kidogo kama unavyodhani. Acha tu kukiwazia kama kifaa cha kuwaonyesha watoto.

Sasa tuje kwenye MEWAKA. Unayajua Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na shule yenu bila shaka ina Jumuiya ya Kujifunza, yaani kikao cha walimu kujifunza pamoja, hata kama kazi yake imekuwa kusaini mahudhurio na kwenda nyumbani. Hapo ndipo pa kuanzia. Nikueleze nilichokiona katika shule moja huku huku Kasulu, isiyo na umeme wa kutosha kama yenu.

Mwalimu wa Hisabati alikuja kwenye kikao na picha moja tu, ameipiga kwa kishikwambi. Ni ukurasa wa daftari la mtoto wa Darasa la Tano, jina amelifunika kwa kidole. Mtoto amejumlisha nusu na theluthi, akaandika mbili ya tano. Kishikwambi kikapita mkono kwa mkono. Mwalimu wa kwanza akasema mtoto hakusikiliza. Wa pili akasema hapana, huyu kasikiliza sana, tazama, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hajakosea kujumlisha hata mara moja. Pakawa kimya kidogo. Halafu mwalimu wa Darasa la Pili, ambaye Hisabati ya Darasa la Tano hajaigusa miaka mingi, akauliza: lakini mbili ya tano si ndogo kuliko nusu? Mtoto ameanza na nusu, kaongezewa, kapata pungufu ya alichoanza nacho, na hajashtuka?

Swali hilo likawa ndilo somo la wiki iliyofuata. Walikubaliana kwamba watoto wale wanaona namba mbili, moja juu na moja chini, hawaoni sehemu ya kitu. Basi wakapanga somo la kukunja karatasi: karatasi za ukubwa mmoja, moja ikunjwe nusu, nyingine theluthi, watoto wapake rangi, waweke kando kwa kando, kabla hata ya kuandika alama ya kujumlisha. Kabla ya kukokotoa, kila mtoto aseme kwanza kama jibu litazidi nusu au litapungua. Mwalimu akafundisha. Mwenzake akasimama nyuma ya darasa na kishikwambi, akarekodi dakika chache tu za watoto wakibishana juu ya karatasi zao. Kwenye kikao kilichofuata wakaitazama ile video bila kumsema mwalimu. Waliwatazama watoto, wakaona kitu ambacho mwalimu akiwa mbele hakioni: benchi la nyuma kushoto lote lilikuwa na karatasi moja, na aliyeikunja ni mmoja.

Hayo ndiyo mafunzo ya TEHAMA ninayoyaamini. Darasani watoto waligusa karatasi, kishikwambi walikigusa walimu. Aliyejifunza kupiga picha inayosomeka, kurekodi bila kutikisa mkono na kuhifadhi faili kwa jina litakaloonekana mwezi ujao amejifunza akiwa na sababu ya kufanya hivyo. Hatasahau.

Kwa hiyo, mwanangu, anza na daftari moja. Mwombe Mwalimu Mkuu aingize kikao hicho kwenye ratiba, saa moja inatosha, siku ambayo walimu hawana haraka ya kuwahi mnada au shamba. Moduli za MEWAKA ziko kwenye mfumo wa ujifunzaji mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi hiyohiyo. Mmoja wenu akienda mjini kufuata mshahara afungue penye mtandao mzuri, ahifadhi mnachohitaji, mkisome bila bando. Bando lenyewe lisitoke mifukoni mwenu kimyakimya kila mwezi. Lipelekeni kwenye kikao cha shule, lijadiliwe kama chaki inavyojadiliwa.

Watoto 96 nao hawajasahaulika. Kishikwambi chenye spika ndogo ya kuchaji kinatosha kwa kazi ya sauti: hadithi, maelezo ya hatua za hesabu, maigizo mafupi waliyorekodi wenyewe. Kazi ya picha igawe kwa makundi, kundi moja linakuja mbele huku mengine yana kazi ya mkono. Kama siku hiyo kukunja karatasi kunatosha, kifaa kibaki kwenye kabati na usione haya. Kwenye ripoti andika hivi: tumetumia picha za madaftari kuchunguza makosa ya sehemu, tumerekodi somo, tumeona haya, tunaomba Afisa Elimu Kata aje akae nasi kikao kijacho. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Naye anahitaji kufundishwa kukaa upande wa mwalimu.

Na kuhusu serikali, sisemi mjifundishe wenyewe wao wapumzike. Kituo cha walimu kilichofungwa na kujaa viti vibovu kinapaswa kufunguliwa, na mtu wa kuwatembelea shuleni anapaswa kupewa mafuta ya pikipiki. Daini hayo. Ila darasa la mwaka huu halitawasubiri.

Habari za kazi, Mwalimu. Shule yangu iko mwambao wa ziwa, wilaya ya Uvinza, tunafikika kwa boti. Mfadhili ameahidi kompyuta 20 na anauliza kama kuna kingine tunachohitaji. Naogopa kuomba nikaonekana sina shukrani.
Mwalimu Mkuu, Uvinza

Njema, Mwalimu Mkuu. Omba. Mfadhili mwema hushukuru akielezwa ukweli mapema kuliko kukuta chumba kimejaa vumbi baada ya miaka miwili.

Kwanza umeme. Kompyuta za mezani 20 zinakula umeme ambao sola ya kawaida ya shule haiwezi kuubeba. Omba kompyuta mpakato au vishikwambi, pamoja na paneli na betri zilizopigiwa hesabu na fundi, na fedha ya kubadilisha betri zikichoka, maana zitachoka. Fundi atatoka Kigoma mjini kwa boti, na nauli yake iwe kwenye makubaliano tangu mwanzo.

La pili ni kilichomo ndani. Mwaka 2017 hadi 2019 watoto zaidi ya 2,000 wa vijiji vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Vijiji viliwekewa vituo vya kuchaji kwa sola. Programu mbili, onecourse ya shirika la onebillion la Uingereza na Kitkit School, ziligawana ushindi Mei 2019. Programu zilizofika fainali ziliachwa wazi, mtu yeyote aweze kuzitumia na kuziboresha. Mwambie mfadhili wako azitafute. Mwombe pia Wikipedia ya Kiswahili iwekwe ndani kwa programu iitwayo Kiwix, inasomeka bila intaneti. Lakini angalieni: wapo walioichukua habari ya Tanga kama ushahidi kwamba mtoto akiwa na kishikwambi mwalimu hana kazi. Watoto wengi wa shindano lile hawakuwa shuleni kabisa. Watoto wako wewe wapo shuleni, na wana walimu.

Ndiyo maana la tatu ndilo ningelipigania. Mwambie apunguze kompyuta zibaki 12, na fedha ya zile 8 imlete mtu kukaa shuleni kwako siku kadhaa kila muhula, kwa miaka miwili, aingie madarasani na walimu wako. Akikataa, pokea kompyuta, sema asante, halafu weka walimu wawili kuwa wasimamizi na wote wawili wawe na funguo. Nimeona vyumba vingi vya kompyuta vilivyokufa siku mwenye funguo alipohamishwa.

Mwalimu mwenzangu, nina miaka 54, nafundisha Darasa la Kwanza hapa Urambo tangu nikiwa kijana. Walimu wa ajira mpya wanafanya kila kitu kwa simu: andalio la somo, alama, hata kengele. Wananisaidia kwa heshima, siwalaumu, lakini kila wakinisaidia najiona nimekuwa mzigo. Nijitahidi au nisubiri muda wangu uishe?
Mwalimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), Urambo, Tabora

Mwalimu, barua yako niliisoma mara mbili. Mtu aliyewafundisha watoto wa Urambo kusoma kwa zaidi ya miaka 25 hawezi kuwa mzigo katika shule yoyote ya nchi hii, na ningependa ulisikie hilo kabla ya ushauri wowote.

Msaada wao ndio wenye kasoro. Wanakushikia simu, wanabonyeza haraka haraka, wanakurudishia kazi imekwisha. Kuanzia kesho sema hivi: mwanangu, nielekeze, lakini kidole kiwe changu. Akitaka kukunyang'anya, rudisha mkono wako. Jifunze jambo moja tu kwa mara moja na ulirudie siku ileile ukiwa peke yako, usiku ukiwa umetulia nyumbani. Kama unatuma ujumbe wa sauti kwa watoto wako waliohama, basi kurekodi unajua tayari, na mwalimu wa KKK akijua kurekodi ana nusu ya anachohitaji. Rekodi sauti yako mwenyewe ukisoma taratibu: ngoma, ng'ombe, ngazi, ng'ambo. Watoto wanaokuja shuleni wakiongea Kinyamwezi nyumbani wasikie tofauti hiyo ya ng na ng' tena na tena, hata siku sauti imekukauka. Siku nyingine warekodi wao, kundi la watano watano, halafu wajisikilize. Utaona wanavyosahihishana bila wewe kufungua mdomo.

Na usipokee tu. Vijana hao wamesoma chuoni, wana vyeti vizuri, ila wengi hawajui namna ya kumtuliza mtoto anayelia siku ya kwanza, wala namna ya kugundua kwamba anayesoma ukurasa mzima bila kukosea ameukariri. Wewe unajua. Wakubali wakurekodi ukifundisha dakika kumi, mkae kwenye Jumuiya ya Kujifunza, wakuulize kwa nini ulimwita huyu ukamwacha yule. Hakuna moduli yenye majibu hayo.

Mama, pole na kazi. Mwalimu alimrekodi mwanangu wa Darasa la Pili akishindwa kusoma mbele ya darasa. Video imezunguka kwenye magroup ya WhatsApp, mpaka jirani akaniletea. Mtoto hataki shule. Nimeambiwa ni sehemu ya mafunzo ya walimu. Ni kweli?
Mzazi, Ujiji

Pole sana, mama. Si kweli. Kurekodi somo kwa ajili ya walimu kujifunza ni jambo jema, nimelisifu hapo juu, na kwa sababu hiyohiyo nalisema hili bila kupindisha: video ya mtoto anayeshindwa haitoki nje ya chumba cha walimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa kabla ya taarifa za mtu kutumika, na kwa mtoto ridhaa hiyo ni yako mzazi. Nenda kwa Mwalimu Mkuu, uwe na maandishi mkononi, taja tarehe uliyoiona video na group ulimoiona. Dai ifutwe, na mwalimu aongee na mtoto mbele yako. Usikubali kuambiwa imekwisha kusambaa hakuna la kufanya. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili ya malalamiko kama lako, shule ikikaa kimya.

Nyumbani msome naye kitabu kifupi anachokiweza tayari, watu wa nyumbani wamsikie akisoma vizuri, kabla ya Jumatatu kufika.

Walimu mnaosoma safu hii: mkirekodi, simameni nyuma ya darasa, pigeni picha daftari badala ya uso, funikeni jina, mkimaliza kikao futeni. Na kama umewahi kumtumia mtu video ya mtoto wa mwenzako, mpigie leo umwambie naye aifute.